Uliza Fundi wa Pedi: Kwani ile CD ya Goku ina watu wangapi?

Mwezi huu meseji zimemiminika na karibu zote zinahusu gemu moja, ile Dragon Ball Z ya PlayStation 2 (PS2) ambayo huku Dodoma tunaiita "ya Goku" tu, kwa jina la shujaa wake, na kila mtu anaelewa. Jina lake lote ni Dragon Ball Z: Budokai Tenkaichi 3. Nimechagua maswali matano, yale ya "fundi nitumie CD" sijayagusa, mnisamehe, mimi siuzi CD.

*Shikamoo fundi. Mimi na shemeji yangu tunabishana toka Pasaka. Yeye anasema ile gemu ya Goku ina wachezaji 161. Mimi nimekaa na daftari nikahesabu picha za kuchagulia, hazifiki hata mia. Kuna chipsi kuku imewekwa hapo. Nani alipe?* — Msomaji wa Nkuhungu

Marahaba. Kwanza hongera kwa daftari, watu wengi wanabishana kwa sauti tu.

Sasa sikia, wote wawili mmesema kweli na ndo maana ubishi wenu hauishi. Wahusika wenyewe ni 98, kwa hiyo hiyo "hazifiki mia" yako iko sawa kabisa. Ile 161 inakuja ukihesabu na maumbo yao, yaani mtu akijigeuza anahesabiwa tena. Chukua yule adui Frieza, anaanza na kale kaumbo kafupi kenye pembe, anageuka, anageuka tena, mpaka anafika lile la mwisho jeupe na bado analo la nguvu zote. Picha ni moja ila watu ni watano. Alafu kuna mchezo mwingine umefanyika, Goku mwenyewe hayuko mara moja, yuko wa utotoni, wa mwanzo, wa katikati, wa mwisho na yule wa GT (katuni iliyofuata baada ya Z), kila mmoja na picha yake, na huyo wa mwisho, sio wa GT, anageuka mara tatu nywele zinazidi kurefuka tu mpaka zinafika kiunoni. Kwa hiyo unaweza kukuta vijana wawili wanapigana, Goku kwa Goku, na hakuna hata mmoja aliyechagua mtu sawa na mwenzie.

Hukumu yangu: wewe ulipe. Najua utanuna lakini fikiria hivi, ukigeuka kwenye hii gemu hazibadiliki nywele peke yake, mapigo yanabadilika, ile shambulizi kubwa inabadilika, na kuna maumbo yana nguvu zaidi ila yanakosa ujanja fulani uliokuwa nao kabla. Kimchezo ni mtu mwingine kabisa. Ila mwambie shemeji akuachie kipapatio.

Na kitu kimoja, kabla hujahesabu tena angalia memori kadi. Kadi ikiwa mpya wengi wanakuwa bado wamefungwa, unawafungua kwa kucheza ile hadithi (Dragon History) na kwa kukusanya zile dragon bol saba unamwita joka unaomba. Kuna kibanda kimoja Majengo nilikuwa naenda, mwenye kibanda alifuta kadi ili aseivu mpira, tukaamka asubuhi watu wote wamerudi kifungoni. Miezi minne ya kazi yetu. Hadi leo nikipita pale siangalii upande ule.

Kwa faida ya wadogo zangu ambao hawakuwepo: gemu hii ilitengenezwa na Spike, ikatoka Japani tarehe 4 Oktoba 2007 kwa jina la Sparking! Meteor, Novemba ikafika Ulaya na Marekani. Mwaka uleule UDOM, chuo kikuu chetu cha Dodoma, inaanza. Ilikuwa ya tatu kwenye mfululizo, ya kwanza 2005, ya pili 2006, na ukiwa na CD za hizo mbili za nyuma kuna sehemu ya PS2 inaitwa Disc Fusion, unaichomeka ya zamani inakufungulia modi za kule. Katuni yenyewe ni ya zamani zaidi, Akira Toriyama alianza kuichora gazetini 1984, na ile Z ya kwenye TV ilirushwa Japani kuanzia 1989 mpaka 1996, sehemu 291. Sasa sisi huku nani aliona sehemu 291? Tuliona vipande, CD inaanzia katikati inaishia katikati, yule adui Cell katokea wapi hujui, mara kuna mtoto wa nywele za zambarau kaja na upanga, wa nani, hakuna anayejua. Hadithi nzima mimi nimeijulia kwenye gemu, kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeshampiga Cell mara mia ndo nikaja kujua kumbe kilichomfanya Gohan, mtoto wa Goku, alipuke kwa hasira ni kile kichwa cha Android 16 ambacho Cell alikiponda.

*Fundi mambo. Mdogo wangu ana miaka 12 ananipiga kila siku kwenye hiyo gemu mpaka naona aibu. Mimi nabonyeza haraka kuliko yeye. Yeye anakaa mbali, mara anapotea, mara yuko nyuma yangu. Ananiibia au?* — Kaka mtu, Chang'ombe

Poa. Hakuibii, anacheza. Wewe ndo hujaanza.

Tatizo lako liko kwenye hilo neno "haraka". Hii sio gemu ya kukanyaga kitufe cha boksi, kile cha ngumi, mpaka kidole kiote sugu. Kila kitu humu kinalipiwa, na pesa yake ni ki (nguvu ile, sio kiambishi cha darasani). Ukishika L2 unachaji, ukirusha moto wa pembetatu inapungua, ukikimbia kwa eksi inapungua, shambulizi kubwa la L2 na pembetatu linakomba. Sasa wewe unaikomba yote dakika ya kwanza alafu unabaki na ngumi kavu, dogo kakaa mbali kule juu kwenye mawingu anachaji, anakuangalia tu. Anakusubiri ufilisike.

Hapohapo kuna kitu kingine pembeni, zile namba ndogo zinazoongezeka zenyewe kadri muda unavyokwenda. Hizo hazichajiwi. Ndo mtaji wa kujigeuza na wa zile mbinu za pembeni. Mtu mvumilivu anazilimbikiza. Ukimuona mwenzio ametulia sana katikati ya mechi, ujue anahesabu namba.

Na ukishika L2 hata baada ya ki kujaa, kuna ya bluu inaanza kupanda, ikifika mwisho mtu anawaka mwili mzima, hapo ndo lile shambulizi la mwisho linafunguka. Ila ukichaji unakuwa umesimama kama mlingoti wa bendera, yeyote mwenye akili anakuja kukuvuruga. Kwa hiyo chaji ukishamrusha mbali, sio akiwa puani kwako. Mbona hata kwenye katuni ni hivohivo? Goku anachukua muda mreeefu kukusanya lile bomu la kuinua mikono na wenzake wanapigwa wakimlinda. Walioitengeneza hii gemu walikaa wakaitazama ile katuni vizuri, kila kitu kina gharama yake ileile.

Sasa hilo la kupotea na kutokea nyuma yako. Ni duara, kitufe cha kujikinga, ila anakibonyeza sekunde ileile ngumi yako inafika. Sio kabla, sio baada. Ukikishikilia unajikinga tu, ukikipatia muda wake unahama unatokea mgongoni kwa mtu. Na wewe ukiipatia unahama pia, mnaanza kupokezana mgongo mpaka mmoja akosee au ki imwishie. Pale Chang'ombe zamani ilikuwa ikianza hiyo kibanda kizima kinanyamaza, hata wale waliokuja kucheza mpira wanageuka kuangalia, unasikia tu vitufe, tk tk tk, alafu mmoja akikosa ni kelele mpaka mama wa vitumbua nje anachungulia kuna nini. Nimeona mpira wa fainali haujapata ukimya wa namna ile.

Mazoezi yake: muwekee mdogo wako mkataba, mechi kumi wewe hupigi hata ngumi moja, unajikinga tu kwa duara. Utachapwa kama ngoma ya Kigogo. Kufika ya saba utaanza kuisikia. Mimi nilifundishwa hivi na jamaa mmoja alikuwa anauza maji ya viroba stendi, hajawahi kuona hata sehemu moja ya katuni, Vegeta alikuwa anamwita "yule mwenye upara mkubwa wa pembeni", na hakuna aliyekuwa anamtoa kwenye kiti.

Ushauri mdogomdogo, chagua mtu anayekufaa. Ukiona kuchaji kunakushinda jaribu Android 18, ki yake inajijaza yenyewe taratibu maana ni nusu mashine. Ukikutana na mtu kajigeuza lile nyani kubwa, ngumi ndogo halizisikii na huwezi kulibeba kulitupa, kaa mbali rusha moto. Na nyani wenyewe wanafuata mwezi, viwanja vingine vina usiku na mchana, ukichagua kiwanja cha usiku chenye mwezi dhidi ya Msaiyan (kabila la akina Goku na Vegeta) mwenye mkia umejitakia mwenyewe. Mkibeba Yajirobe mjue mnavunja urafiki, yule anakula lile dengu la uponyaji damu inarudi, kuna vibanda walimpiga marufuku kabisa. Na kama unataka kumuudhi dogo kweli basi chukua Hercule, yule mwenye mandevu asiye na uwezo wowote, ana zawadi anampa adui kwenye boksi, adui anafungua inalipuka. Kufungwa na Hercule ni kitu unatembea nacho mtaani wiki nzima.

Mkichoka kubishana nani ana timu ya wababe nendeni kwenye DP Battle. Kila mtu ana bei yake ya pointi, timu ina kikomo, ukichukua mbabe mmoja wa bei mbaya kama Broly pesa imeisha, mwenzio anakuja na watu watatu wa kawaida. Hapo ndo utajua dogo anakuzidi akili au anakuzidi Broly.

*Habari fundi. Nimenunua PS2 mtumba na CD ya Goku, nikiweka kwenye TV ya chogo ya baba picha inatokea nyeusi na nyeupe. CD ya mpira inatoka na rangi vizuri. Muuzaji anasema TV mbovu.* — Kondoa mjini

TV ya mzee ni nzima, mwachie mzee TV yake.

Kinachotokea ni lugha. Rangi kwenye TV za zamani zinasafirishwa kwa mifumo, huku kwetu ni PAL kama Uingereza, Marekani na Japani ni NTSC. CD yako ya mpira ni ya Ulaya, ya Goku bila shaka ni ya Marekani. Chogo ya zamani inayojua PAL peke yake inapokea ile picha, inaelewa mwanga na kivuli, rangi haielewi, inakupa nyeusi na nyeupe. Ingia menyu ya TV tafuta sehemu ya mfumo wa rangi, kama kuna AUTO au NTSC weka hapo, kama hakuna basi tafuta toleo la Ulaya, lipo, lilitoka Novemba 2007. Au TV nyingine.

Ila usikimbilie flati bila kujua hili: flati nyingi zinaichelewesha picha kidogo kabla hazijakuonyesha, kuangalia taarifa ya habari hutajua, lakini kwenye lile duara la kupotea utajua. Unabonyeza kwa wakati, yeye kashakupiga. Kama flati ina "game mode" iwashe. Mimi hii gemu nachezea chogo hadi leo, mke wangu anasema inakula nafasi, ni kweli inakula.

Na kwa kuwa umesema mtumba, geuza mashine uangalie chini imeandikwa volti ngapi. Za Japani zile nene ni 100, ukichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma unasikia harufu kwanza alafu moshi. Nyingi kati ya zile nyembamba zinatumia adapta ya nje, kwa hiyo cha kuangalia ni adapta. Zile nyembamba za mwishomwisho zikarudisha pawa ndani, hizo nazo chungulia kibandiko.

Vumbi sasa. Watu wa Dar wakiniambia PS2 haisomi CD nawauliza lenzi imezeeka? Mtu wa Dodoma nikimuuliza kitu cha kwanza ni unaiweka wapi. Ule upepo wa Julai mpaka Septemba unapitisha vumbi jekundu hata dirisha likiwa limefungwa, linakaa juu ya lenzi, mashine inaanza kusaga CD kama kinu, krr krr, watu wanakimbilia kusema CD feki. Funika kwa kitambaa ukimaliza, sio ikiwa inawaka itachemka. Lenzi unaipangusa taratibu na pamba ya masikio yenye spiriti kidogo tu, sio perfume, yupo mtu aliniletea mashine imepakwa perfume.

*Mimi ni mama wa watoto wawili, Ipagala. Wa darasa la tano anashinda kibandani anasema ni katuni tu ya watoto. Nilipita nikaona watu wanapigana wanarushiana moto majumba yanabomoka. Hii kweli ni ya watoto?* — Mama wawili

Shikamoo mama. Katuni, watoto wengi duniani wameiangalia, lakini gemu ina vipimo vyake. Ulaya waliipa 12, Marekani wakaipa T, maana yake miaka 13 kwenda juu. Darasa la tano kwa vipimo hivyo bado kidogo. Mimi binafsi nisingekosa usingizi kwa yale majumba kubomoka, mapigano yenyewe ni ya kikatuni, mtu anapigwa anavuka milima mitatu anaamka anajipangusa vumbi.

Kinachonitia wasiwasi ni kibanda chenyewe. Pesa ya mechi inatoka wapi, saa ngapi anarudi, na wakubwa waliokaa nyuma wanawekeana dau au la, maana dau likiwepo mtoto anatumwa, anagombezwa, anafundishwa maneno. Hayo hayaandikwi kwenye boksi la CD. Siku moja nenda kaa dakika kumi kwenye benchi kama unasubiri mtu. Vibanda vingine mwenye nacho anafukuza wanafunzi saa za shule, hao wapo, na vingine hapana. Ukikuta hicho hapana, PS2 mtumba nyumbani itakuja kuwa nafuu kuliko unavyodhani. Na dada yake acheze pia, atampiga.

*Fundi, ni kweli ya nne imetoka? Au ni zile za kubandika picha?* — Mpwapwa

Imetoka kweli, ila haiitwi ya nne. Inaitwa Dragon Ball: Sparking! Zero, Oktoba 2024, imetengenezwa na Spike Chunsoft ambao ni wale Spike wetu baada ya kuungana na wenzao, na ilianza kwenye PS5, Xbox Series na kompyuta. Ilianza na wahusika 182 kwa ile hesabu ya maumbo, kwa hiyo msomaji wa Nkuhungu andaa chipsi nyingine. Toriyama hakuiona ikitoka, alifariki tarehe 1 Machi mwaka huohuo, ana miaka 68.

Zile CD za PS2 zinazouzwa zimeandikwa "Tenkaichi 4" ni ya tatu hiyohiyo, mashabiki wameichokonoa wakaongeza watu na mavazi. Zingine nzuri, zingine zinaganda ukifika kwenye kuchagua. PS5 sina, nilienda kuicheza kwa rafiki Kisasa. Picha ni balaa, unaona mpaka nguo zinachanika. Nikashika pedi, nikakaa mbali, nikachaji, jamaa akaja mbio anakanyaga boksi, nikabonyeza duara.

Bado ipo.